Mume Tanga, Mshahara Leicester

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, raia wa Uingereza au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kukatwa kodi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600, na kilikuwa hivyo tangu Julai 2012, wakati Theresa May alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Desemba 2023 James Cleverly, aliyekuwa akishikilia wizara hiyohiyo, alitangaza kwamba kiwango kingepanda hadi pauni 38,700. Hatua ya kwanza ya mpango huo ilitekelezwa, zilizobaki zikasimamishwa serikali ilipobadilika Julai 2024, na mwaka 2025 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali kuhusu uhamiaji ikashauri kwamba zisiendelezwe. Kwa hiyo namba iliyobaki mezani ni 29,000, na ndiyo niliyoishi nayo kwa kipindi chote ambacho mume wangu alikuwa Tanga na mimi nikiwa Leicester, nikiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine.

Nimeombwa mara nyingi, hasa na wanawake wenzangu, kueleza namna mtu wa kipato cha chini anavyoweza kumdhamini mume au mke. Wanaouliza huanza karibu wote na swali moja: je, mshahara wangu unatosha? Nimejifunza kwamba swali hilo linatangulia mno. Kabla ya kujua kama fedha zinatosha, ni lazima ujue ni zipi kati ya fedha zako ambazo sheria hii inaziona, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zinazoendesha ndoa na nyumba zetu, yaani za ukoo, za upatu, za pango linalopokelewa mkononi, za mshahara wa mwenzi aliyeko nyumbani, haziingii kabisa kwenye hesabu ya afisa anayesoma maombi, au huingia kwa masharti ambayo mtu asiyeyajua hawezi kuyatimiza kwa bahati.

Tuanze na mshahara. Aliyelipwa kima cha chini kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, akifanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki bila kukosa hata wiki moja, alipata takriban pauni 23,800 kwa mwaka. Ili afike pauni 29,000 kwa kiwango hicho, alihitaji karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima. Maana yake ni kwamba mtu mwenye kazi halali ya kutwa, anayelipa kodi na asiyedaiwa na yeyote, hahesabiwi kuwa anaweza kuishi na mke wake au mume wake. Kanuni hii haijali kama unaishi London, ambako chumba kimoja humaliza nusu ya mshahara, au katika mji mdogo wa kaskazini ambako maisha ni nafuu na mishahara ni midogo. Namba ni ileile. Wanaoumia zaidi ni wale ambao kazi zao hulipa kidogo popote walipo: wahudumu wa wazee, wasafishaji, wapishi wa shule, watunza watoto. Ukizitazama kazi hizo utaona ni akina nani wanaozifanya, na kwamba wengi wao ni wanawake.

Kwetu jambo hili lina uchungu wake wa pekee, kwa kuwa mwanamke kumdhamini mumewe ni kinyume cha picha tuliyokuzwa nayo. Washenga walipokuja nyumbani kwetu, mazungumzo yalikuwa juu ya uwezo wa mwanamume kumtunza binti wa watu. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, ana mshahara wa serikali unaoingia kila mwezi, na kwa kipimo cha Tanga hakuna aliyetilia shaka uwezo wake. Kwenye fomu ya Uingereza mshahara huo ni sifuri. Kipato cha ajira cha mwombaji aliye nje ya nchi hakihesabiwi, awe mwalimu au daktari bingwa. Kitaanza kuhesabiwa tu akishafika na kupata kazi kwa ruhusa halali, wakati wa kuomba kuongezewa viza. Kumweleza mtu mzima kwamba kazi yake ya miaka mingi haina uzito wowote katika maombi ya ndoa yake mwenyewe si mazungumzo ya kufanyia kwenye simu, lakini ndiko tulikoyafanyia.

Mimi hulipwa kwa saa. Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, kiwango changu kilikuwa pauni 12.60 kwa saa, nacho kwa saa 37 na nusu hufanya pauni 24,570 kwa mwaka. Palipungua pauni 4,430. Nilitafuta kazi ya pili, usafi wa ofisi kila Jumamosi, saa saba kwa kima cha chini, ambayo ilileta pauni 4,444. Jumla ikawa pauni 29,014, yaani nilivuka kwa pauni 14. Sheria inaruhusu kuunganisha ajira mbili namna hii, na inaruhusu pia kuhesabu malipo ya muda wa ziada, mambo ambayo watu wengi hawayajui na hukata tamaa mapema. Lakini kwa njia niliyoitumia mimi, kila ajira inapaswa iwe imedumu na mwajiri yuleyule kwa angalau miezi sita kabla ya kuomba. Aliyebadilisha kazi miezi mitatu iliyopita kwa ajili ya nyongeza ndogo ya mshahara huangukia kwenye njia nyingine, ambayo hutazama kazi ya sasa pamoja na fedha zote alizozipokea katika miezi 12 iliyopita, na kwa mtu ambaye mwaka wake haukuwa mzuri njia hiyo ni ngumu zaidi.

Kuna hesabu moja ambayo ningetaka kila anayelipwa kwa saa aielewe kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mtu wa namna yetu, Wizara ya Mambo ya Ndani huchukua malipo yote ya miezi sita, hupata wastani wa mwezi, kisha huuzidisha kwa 12. Matokeo yake ni kwamba kila zamu iliyokosekana ndani ya miezi hiyo sita huhesabiwa mara mbili. Jumamosi moja ya homa ilimaanisha kupotea kwa pauni 85 mfukoni, lakini kwenye kipato cha mwaka ingeondoa takriban pauni 171, na mimi nilikuwa nimevuka kwa 14 tu. Kwa bahati hesabu hiyo hufanya kazi upande wa pili pia: zamu ya ziada ya usiku, au ya sikukuu wakati wenzako wamekwenda kwao, huhesabiwa mara mbili vilevile. Ndiyo maana katika miezi ile nilikuwa mtu wa kwanza kuitwa kila mara mhudumu mwingine alipougua, na mtu asiyejua habari zangu angedhani napenda sana kazi. Ushauri wangu kwa mwenye kipato kinachogusa mstari ni kutoomba siku anapoufikia, bali kuendelea hadi awe na nafasi ya mamia kadhaa, kwa sababu tarehe ya kutuma maombi unaichagua mwenyewe, na miezi sita huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Baada ya hesabu huja makaratasi, na hapa wenye kipato kidogo hukwama hata kama wanazo fedha. Kila hati ya mshahara ya miezi sita inapaswa ionekane ikiingia kwenye taarifa ya benki kwa kiasi kilekile. Mwajiri anapaswa kuandika barua inayothibitisha ajira, mshahara kabla ya kodi, muda uliofanya kazi na aina ya mkataba. Katika kazi zetu, barua ya namna hiyo huandikwa na meneja wa zamu ambaye hajawahi kuombwa kitu kama hicho. Ya kwanza niliyopewa ilisema tu kwamba mimi ni mfanyakazi mwema na ninapendwa na wazee. Niliishukuru, nikairudisha pamoja na karatasi niliyoandika mambo yote yanayotakiwa, na nikaomba iandikwe upya. Anayelipwa fedha taslimu kwa kazi ya pembeni, kama kusuka nywele au kupika kwa ajili ya shughuli, ajue kwamba fedha hizo hazipo mbele ya sheria mpaka zitangazwe kwenye kodi na zionekane benki.

Sasa nifike kwenye akiba, kwa kuwa hapo ndipo kanuni hii inapogongana na desturi zetu kwa sauti kubwa zaidi. Mtu ambaye mshahara wake umepungua anaweza kuziba pengo kwa akiba, lakini pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Unachukua pengo lako, unalizidisha kwa mbili na nusu, kisha unaongeza hizo 16,000. Kwa pengo langu la pauni 4,430 nilihitaji akiba ya pauni 27,075. Asiye na kipato chochote na anayetegemea akiba pekee anahitaji pauni 88,500. Zaidi ya hayo, fedha hizo zinapaswa ziwe zimekaa chini ya mamlaka yako, au ya mwenzi wako, kwa miezi sita mfululizo, na zisiwe za mkopo.

Mimi ni mwanachama wa upatu wa wanawake wa Afrika Mashariki hapa mjini. Kila mwezi tunachanga, na kila mwezi mmoja wetu anapokea. Hatujawahi kudhulumiana, na kwa wengi wetu ndiyo benki ya kweli, kwa kuwa benki yenyewe haitukopeshi. Ila mbele ya afisa wa viza, fungu la upatu linaloingia kwa mkupuo ni fedha nyingi zisizojulikana zilikotoka, zinazofanana sana na mkopo, na hutoweka tena mwezi kwa mwezi unapowalipa wenzako. Haba na haba hujaza kibaba, lakini Wizara hutaka kibaba kiwe kimejaa na kikae hivyo kwa nusu mwaka bila mtu kuchota. Kwa maskini ambaye kila siku kuna anayemhitaji, kuacha fedha zilale miezi sita wakati mama mkwe anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho ni jambo linalohitaji moyo mgumu kuliko nilio nao mimi.

Baba yangu mdogo ana duka Muscat. Aliposikia habari za namba hii alinipigia simu, nami nikamwamkia, na hakunipa nafasi ya kueleza. "Niandikie hiyo barua, mwanangu, nitie sahihi kwamba mimi ndiye mdhamini. Nani atakayekataa fedha?"

"Baba, hawazikatai," nilimjibu. "Ila hawazihesabu."

Hilo lilimkasirisha kuliko kukataliwa. Kwa kawaida ahadi ya ndugu ya kukusaidia kila mwezi, hata ikiandikwa mbele ya wakili, haihesabiwi kuwa kipato. Anachoweza kufanya ndugu ni kukupa zawadi ya fedha taslimu, ziwe zako moja kwa moja, zilale kwenye akaunti yako miezi sita, na kuwe na maelezo ya zilikotoka. Lakini zawadi ya pauni 27,000 si ya mtu mwenye watoto watano wanaosoma. Angeweza kunipa pauni 400 kila mwezi kwa miaka mitatu bila kuhisi, na kiasi hicho kingeziba pengo langu lote na kubaki; asichoweza ni kuzitoa zote kwa siku moja. Sheria inakubali ukarimu wa tajiri na kuukataa wa mtu wa kawaida, ingawa ni huu wa pili ndio uliotusomesha na kutuozesha wengi wetu.

Haikuwa hivyo siku zote. Desemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi iliyojulikana kwa jina la Mahad, iliamua kwamba kanuni za wakati ule ziliruhusu familia kutegemea msaada wa ndugu au mtu mwingine, ilimradi msaada huo uwe wa kweli na wa kutegemewa. Miaka mitatu haikutimia, kanuni mpya za Julai 2012 zikaufunga mlango huo. Zilipopingwa mahakamani, mmoja wa wadai alikuwa mkimbizi kutoka Lebanon, anayetajwa kwa herufi MM, ambaye kaka yake alikuwa tayari kumchangia pauni 80 kila wiki. Nilipoisoma habari hiyo niliona kwamba baba mdogo wangu hakuwa wa kwanza. Mwingine alitajwa kwa herufi SS, mwanamke wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambaye mumewe alifika Uingereza kama mkimbizi na baadaye akapata uraia. Februari 2017 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuweka kiwango cha chini cha kipato ni halali, lakini ikaikosoa serikali kwa kutozingatia ipasavyo maslahi ya watoto na kwa namna ilivyozuia kutazamwa kwa vyanzo vingine vya fedha, vikiwamo vya ndugu.

Kutokana na hukumu hiyo, kanuni zilirekebishwa Agosti 2017. Sasa, ikiwa kukataliwa kwa viza kutaleta madhara makali yasiyo na haki kwa mwombaji, mwenzi wake au mtoto, afisa anaweza kuzingatia ahadi ya msaada wa mtu wa tatu, au hata ajira ambayo mwombaji ana uhakika wa kuipata akifika. Watu huisikia habari hii na kushangilia, nami huwaomba wasishangilie haraka. Kutengana tu, kulipa nauli kila mwaka, kuzungumza na mumeo kupitia kioo cha simu, hayo pekee ni vigumu kuyafanya yahesabiwe kuwa madhara makali, kwa sababu ndiyo hali ya kila mtu aliyekataliwa. Na anayepita kwa mlango huo huwekwa kwenye njia ya miaka kumi kufikia ukaazi wa kudumu badala ya miaka mitano, akilipa ada kila anapoongeza muda. Ni mlango wa dharura. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa ajaribu kwa msaada wa wakili wa uhamiaji anayetambuliwa, na mwingine yeyote atafute kwanza namna ya kuufikia mstari.

Nalinganisha na Marekani, ambako dada yangu alimdhamini mumewe. Kule kiwango hutegemea ukubwa wa familia na ni asilimia 125 ya kipimo cha umaskini. Kwa mwongozo wa mwaka 2025, nyumba ya watu wawili ilihitaji dola 26,437. Kipato kikipungua, mtu mwingine, awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu anayeishi humo nchini, anaweza kutia sahihi kama mdhamini wa pamoja. Si lazima hata awe ndugu. Sahihi hiyo ni nzito, kwa kuwa humfunga mdhamini mpaka mgeni apate uraia, au afikishe robo-mwaka 40 za kazi zinazotambuliwa, au aondoke nchini moja kwa moja, au mmoja wao afariki, na talaka haimwondolei mdhamini mzigo. Lakini angalau mfumo huo unatambua kwamba mtu anaweza kuwa na watu. Kanada, kwa upande wake, kwa kawaida haimtaki anayemdhamini mke au mume afikishe kiwango maalumu cha kipato. Nayataja haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba kila nchi hufanya hivi.

Kuna aina moja ya kipato cha nyumbani ambacho Uingereza inakiona, na ni ajabu kwamba wachache wanajua. Mshahara wa mume wangu haukuhesabiwa, lakini pango la nyumba linahesabiwa, hata nyumba ikiwa nje ya Uingereza, ilimradi inamilikiwa na mmoja wenu au nyote wawili na si mnayoishi. Nyumba ya vyumba inayoingiza shilingi 600,000 kwa mwezi huleta takriban pauni 2,000 kwa mwaka kwa viwango vya ubadilishaji vya karibuni, kiasi ambacho kingeniondolea nusu ya Jumamosi zangu. Mume wangu ana sehemu katika nyumba ya marehemu baba yake, Ngamiani. Tukakaa kuitazama karatasi kwa karatasi. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Msimamizi wa mirathi aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo zamani, lakini ugawaji haukukamilishwa kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ana haraka na mali ya mzee. Wapangaji wawili hawakuwa na mkataba wa maandishi. Kodi alikuwa akiipokea wifi yangu mkononi, na baadhi yake ilikuwa ikimtunza mama mkwe, kama ilivyostahili.

Masharti yanataka hati ya umiliki, mkataba wa upangaji, na taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha kodi ikiingia kwenye akaunti iliyo kwa jina lako. Nyumba ikiwa ya ushirika na wengine, ni sehemu yako tu inayohesabiwa. Tungeweza kuwasukuma ndugu wagawane nyumba kwa ajili ya viza yetu, lakini tuliona tusiufungue mjadala wa mirathi kwa sababu ya pauni 500 za fungu letu. Mwenye nyumba iliyo kwa jina lake mwenyewe, hata ya vyumba vitatu, namshauri kwa dhati aanze leo kuandikishana na wapangaji na kupokea kodi kwa njia ya benki, kwa sababu mwaka mmoja wa taarifa hauwezi kutengenezwa baadaye.

Jambo jingine ambalo jamii yetu hulielewa kinyume ni lile la posho za serikali. Watu hudhani kwamba anayepokea posho yoyote hawezi kumleta mwenzi. Kwa baadhi ya posho ni kinyume chake. Mdhamini anayepokea posho ya ulemavu ya aina zilizotajwa kwenye kanuni, au posho ya mlezi anayemhudumia mtu mwenye ulemavu kwa angalau saa 35 kwa wiki, hafungwi na zile pauni 29,000. Yeye hupimwa kwa kipimo kingine: baada ya kuondoa kodi na gharama za nyumba, je, kinachobaki hakipungui kile ambacho serikali yenyewe ingewapa watu wawili wenye shida? Hiki ni kipimo ambacho mtu wa kipato kidogo anaweza kukifikia. Namjua mwanamke aliyemuuguza mama yake kwa miaka mingi bila kudai posho hiyo, kwa kuwa aliona ni aibu kulipwa kwa kumlea mzazi, na wakati huohuo akilia kwamba kipato chake hakitoshi kumleta mume. Hakuwa na sababu ya kuona haya. Ilikuwa haki yake, na ingembadilishia kipimo kizima. Bila shaka sizungumzi juu ya kudai usichostahili, ambako kunaweza kuleta kesi ya jinai na kuharibu maombi yote.

Suala la makazi lilikuwa jepesi kwetu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sheria haiwachukii ndugu katika kila kipengele. Tuliruhusiwa kuonyesha kwamba tutaishi kwa mama yangu, mradi tuna chumba chetu wenyewe na nyumba haitajaa kupita kiasi. Barua ya mwenye nyumba na ya mama zilitosha. Kwa hiyo paa la mama linahesabiwa, sufuria yake haihesabiwi, wala kuishi bila kulipa pango hakukuongezi hata senti kwenye ule mstari.

Kisha ada. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, maombi ya mwenzi aliye nje ya nchi yalikuwa pauni 1,938, na ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, hulipwa yote mwanzoni. Kwa viza ya miezi 33 ni pauni 3,105. Jumla ilikuwa pauni 5,043 kabla ya kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza wa daraja la chini kabisa, tafsiri ya cheti cha ndoa, na nauli za Tanga na Dar es Salaam. Maombi yakikataliwa, ada ya afya hurudishwa, lakini ile ya kwanza kwa kawaida imekwenda.

Fedha hizo hatukuwa nazo, na wala hatukuzitafuta peke yetu. Kamati ya harusi yetu, ambayo ilikuwa imekwishavunjwa, iliitwa tena na mjomba na kupewa kazi ya pili. Michango ilitoka Tanga, Pangani, Muscat na Leicester. Wanafunzi wa zamani wa mume wangu walichanga. Baba mdogo, akiwa bado na hasira zake, alichanga zaidi ya wote. Kadi ya benki iliyolipia ilikuwa yangu, na hakuna aliyeuliza fedha ni za nani. Kwa kulipa, ukoo wetu ulikuwa halali kabisa. Kwa kuthibitisha kwamba hatutalala njaa, haukuwapo. Sijapata mtu aliyeweza kunieleza mantiki ya jambo hilo, na nimewauliza watu waliosomea sheria.

Niongeze neno kwa wale waliokuja kwa viza ya kazi ya uhudumu, kwa kuwa huniandikia wakidhani tuko safari moja. Haya yote ni kwa raia, wakazi wa kudumu na baadhi ya wenye hadhi nyingine, kama vile waliopewa hifadhi ya ukimbizi. Mhudumu wa wazee aliye kwa viza ya kazi hufuata kanuni tofauti, na walioingia kwenye njia hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 kwa kawaida hawaruhusiwi kuleta wenzi wala watoto, hata wakilipwa kiasi gani. Tunavaa sare moja na kuinua wagonjwa walewale, lakini kwao hakuna hata namba ya kuikimbilia.

Mume wangu alipata viza. Hapewi ufundishaji kwa vyeti vyake vya nyumbani bila hatua nyingine ndefu, kwa hiyo kwa sasa anafanya kazi kwenye ghala na anasoma jioni. Viza yake ya miezi 33 haimruhusu kudai posho za umma, na ikikaribia kuisha tutaomba nyongeza ya miezi 30, kwa mtihani wa Kiingereza wa daraja la juu kidogo na ada nyingine, na baada ya miaka mitano ndipo ataomba ukaazi wa kudumu. Katika kila hatua tutaulizwa tena kuhusu pauni 29,000. Tofauti ni kwamba safari hii mshahara wake utahesabiwa pamoja na wangu, na yote miwili ikiunganishwa inavuka mstari kwa nafasi kubwa. Kwa hiyo nimekwisha kumwambia msimamizi wa usafi kwamba mwisho wa mwezi huu ninaacha kazi ya Jumamosi.